Ruta yangu na daftari la majina

Juzi nilikuwa mkoani kikazi, picha za habari ziko kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikaliita jina la mtandao wa nyumbani: kimya. Huku mhariri anasubiri!

Niliporudi nikaikagua ruta. Neno la siri sahihi, na imeandika kabisa kwamba anwani imebadilishwa salama. Nikailaumu fayawoli, nikafungua huku na kule, wapi. Kumbe kisa ni cha zamani.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za ARPANET yalikuwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na ofisi ya Elizabeth Feinler pale SRI, California. Ukihamisha mashine, unawaarifu, wanaandika. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS na daftari likagawanywa, lakini bado aliyeandika ni binadamu. Ilipofika 1997 ndipo ukatoka waraka RFC 2136, mashine ikapata utaratibu wa kubadilisha daftari yenyewe.

Sasa, anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu. Februari 2011 akiba kuu ya IANA ikaisha. Mwaka 2012 likatengwa fungu la kuanzia 100.64 hadi 100.127, ili makampuni ya intaneti yawabananishe wateja wengi nyuma ya anwani moja. Yangu ilianza na 100.72. Yaani ruta ilikuwa ikiandikisha kila siku anwani isiyofikika kutoka nje!

Nimeomba anwani yangu peke yangu. Wanataka malipo ya kila mwezi. Picha zilitoka gazetini siku mbili baadaye, ukurasa wa ndani.