dBASE IV: malalamiko yaliyosubiri miezi 21

Leo tuchimbue historia kidogo. Wengi wenu mliozoea MySQL huenda hamjawahi kuiona dBASE. Lakini kama umewahi kuchora ramani kwa QGIS ukashangaa mbona majina ya safu zako yamekatwa yakabaki herufi 10, basi mmeshakutana. Lile faili la .dbf linaloandamana na shapefile ni urithi wake.

dBASE ilianza na Wayne Ratliff, mhandisi wa JPL kule California, mwishoni mwa miaka ya 70. Yeye aliiita Vulcan. George Tate na Hal Lashlee wakaichukua na kuibatiza dBASE II (hakukuwa na dBASE I, ilikuwa mbinu ya soko tu). Kampuni yao ikaitwa Ashton-Tate, na hakukuwa na mtu aitwaye Ashton pia! Hata hivyo biashara ilinoga, na kufikia katikati ya miaka ya 80 dBASE ndiyo iliyokuwa hifadhidata ya tarakilishi za mezani.

Oktoba 1988 wakatoa dBASE IV kwa bei ya dola 795. Ilikuwa nzito, ilibanwa na kumbukumbu ya DOS ya kilobaiti 640, na ilijaa hitilafu. Malalamiko yakamiminika. Toleo 1.1, lile lililoziondoa hitilafu hizo kwa wingi, lilitoka Julai 1990. Hesabu mwenyewe hiyo miezi.

Wengi wakisimulia kisa hiki husema tu kwamba programu ilikuwa mbovu, kesi imefungwa. Mimi naona hapo wanaruka jambo lenyewe. Kila programu ina hitilafu. Ila ripoti ya hitilafu ya hifadhidata ni mnyama wa aina yake, kwa sababu mtumiaji haoni hitilafu, anaona data yake haipo.

Chukua lalamiko moja: "rekodi zangu zimepotea". Kwenye dBASE maneno hayo yalikuwa na maana kadhaa. Huenda faharasa, iliyokaa kwenye faili lake pekee, haikuwa imeambatana na data. Hapo unatafuta kwa SEEK unaambiwa hakuna, ilhali rekodi ipo. Tiba ni kuijenga faharasa upya. Au huenda umeme ulikatika kabla faili halijafungwa. Idadi ya rekodi huandikwa kwenye kichwa cha .dbf, na kama haikusasishwa, rekodi za mwisho hazihesabiwi hata zikiwa kwenye diski. (Wakenya hapa hatuhitaji maelezo zaidi.) Au mtumiaji mwenyewe alitoa amri ya DELETE, ambayo haikufuta kitu: iliweka alama ya nyota tu kwenye rekodi, na kufuta kwenyewe kulingoja PACK. Au basi, ni hitilafu ya kweli kwenye msimbo.

Maneno ni yale yale, sababu nne. Anayepokea malalamiko asipouliza ulifanya nini, kwa mpangilio gani, na faili liko wapi nilione, hawezi kuzitofautisha. Na programu ikishajulikana kuwa na hitilafu nyingi, kila rekodi inayopotea itahesabiwa kuwa kosa lake, hata ile uliyoifuta mwenyewe.

Kusema haki, Ashton-Tate hawakuwa bubu. Jarida lao la TechNotes lilikuwa na sehemu ya kasoro zilizoripotiwa na namna ya kuzikwepa. Jambo zuri, nalipenda. Lakini kukwepa kuna mwisho wake, hasa kwa wale waliokuwa wakiandikia maduka na ofisi mifumo kwa lugha ya dBASE. Mteja hakumpigia simu Ashton-Tate, alimpigia fundi wake. Jina lililoharibika lilikuwa la fundi.

Na mafundi hao walikuwa na pa kwenda. FoxBASE na Clipper zilisoma faili zile zile za .dbf na kuelewa sehemu kubwa ya lugha ile ile. Novemba 1988, mwezi mmoja tu baada ya kutoa dBASE IV, Ashton-Tate iliishtaki Fox Software mahakamani. Hebu fikiria: mteja anangoja marekebisho, anasikia habari za mawakili. Desemba 1990 jaji aliamua dhidi ya Ashton-Tate kuhusu hakimiliki ya dBASE, kisha akaufuta uamuzi huo Aprili 1991.

Wakati huo watu walikuwa wameshahama. Julai 1991 Borland ilitangaza kuinunua Ashton-Tate kwa hisa za takriban dola milioni 439. Mwaka 1992 Microsoft ikainunua Fox Software, na Novemba mwaka huo huo ikatoa Access. Faili za .dbf zenyewe hazikuhama popote. Fungua moja kwa LibreOffice leo uone, itakubali bila kelele.