Mvuka mpaka wa kila siku
Ni mfanyakazi anayelala upande mmoja wa mpaka na kutafuta riziki upande wa pili. Huko Namanga huvuka baina ya Tanzania na Kenya; kwa Dar es Salaam, isiyopakana na nchi yoyote, mfano wa karibu ni wakazi wa Kigamboni, ng'ambo ya maji, wafanyao kazi katikati ya jiji. Kizuizi chao kikubwa ni muda na nauli, si mstari wa ramani. Daraja la Nyerere la kuelekea Kigamboni, lenye mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, lakini liko Kurasini, mbali na katikati ya jiji. Hivyo waendao Posta, katikati ya jiji, kwa miguu bado hubanana alfajiri kwenye geti la kivuko, wakisubiri pantoni ya Magogoni. Wapo wasemao wahamie mjini. Hoja hiyo inasahau kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi huidai ya miezi sita kwa mkupuo. Pantoni za uhakika zingewafaa zaidi.