Zilipendwa na Zinazopendwa: Fikra za Njia ya Tabora

Lipo neno moja la Kiswahili lililobeba majonzi ya vizazi viwili, nalo ni zilipendwa. Ukilichambua kwa jicho la sarufi utaona kwamba limejengwa juu ya wakati uliopita: nyimbo zilipendwa, na kwa hivyo huenda hazipendwi tena. Lakini nenda harusini leo, iwe Unguja, Tanga au Tabora, ungojee mpiga muziki aweke wimbo wa miaka ya 1970. Wazee watainuka vitini, na vijana ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa wimbo ule ulipotungwa watauimba kwa ghibu. Ulimi unasema zilipendwa, na moyo unasema zinapendwa. Baina ya silabi hizo mbili, li na na, pana ugomvi ambao hausikiki barazani peke yake. Umo ndani ya historia yetu, na hakuna pahala unapoonekana wazi kama katika njia ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji.

Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliijua kwa jina la Kaze, ilikuwa njia panda ya bara. Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze tarehe 7 Novemba. Waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga tembe zao na kupanda miembe. Sisi wa visiwani si wageni wa mji huo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alianza safari zake kubwa kwa kumfuata baba yake aliyekuwa na makazi Unyanyembe.

Kwa njia hiyo yalishuka meno ya tembo na ikapanda merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikofumwa. Kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi na doti yake, na maneno mapya mdomoni, alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Merikani ndiyo iliyokuwa fasheni ya zama zile, nayo ilitoka ng'ambo. Lakini kwa njia hiyo hiyo walishuka pia watu waliofungwa minyororo. Anayeililia njia ya kale kwa sababu ya ngoma na miembe yake, akaisahau minyororo, huyo anaililia picha aliyoichora mwenyewe.

Baada ya mapagazi likaja gari la moshi. Reli ya Wajerumani iliyoanza Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa kiasi kikubwa nyayo za misafara. Ngoma nazo zilipanda juu yake. Beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ilienea bara pamoja na askari na makarani, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo kama vya jeshi. Watawala waliishuku, na wapo waliodhani kwamba ni uigaji mtupu. Leo mtafiti akiitaja beni huitaja kama urithi.

Sasa itazame ramani ya muziki wa dansi. Tia kidole Dar es Salaam, ukiburure kuelekea magharibi. Utafika Morogoro, alikoanzisha Salum Abdallah Cuban Marimba na alikovuma Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Utapita Dodoma, ufike Tabora, penye Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, iliyochukua jina la utemi wa kale, na Tabora Jazz yenye mtindo wa Segere Matata. Mwisho utafika Kigoma, alikotoka Shem Karenga, aliyejiunga na Tabora Jazz na kuupa mji huo wimbo wake mashuhuri, Dada Asha. Hata bendi za Dar es Salaam zilikula katika chungu hicho: Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi la zama za ukoloni. Kwa hivyo mstari wa bendi ni ule ule wa reli, na mstari wa reli ni ule ule wa mapagazi. Muziki tunaouita wa kwetu asilia ulisafiri kwa njia ya biashara, ukichukua Kuba kutoka kwenye santuri, rumba kutoka Kongo, na lugha kutoka pwani.

Jambo hili halina budi kumfikirisha anayesema kwamba vijana wa leo wameiga Marekani. Salum Abdallah hakulificha penzi lake kwa Kuba. Aliliandika katika jina la bendi. Hapa visiwani vivyo hivyo: taarabu tunayoiita asilia ilitoka Misri, na hapo mwanzo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad alipoiimba kwa Kiswahili, hata akaenda Bombay mwaka 1928 kurikodiwa, yeye ndiye aliyekuwa mpya. Uasilia, aghalabu, ni ugeni uliokaa muda mrefu ukasahauliwa ulikotoka.

Tena wanaolaumu leo walilaumiwa jana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana wale waliokimbizwa mitaani kwa ajili ya nguo zao ndio mababu na mabibi wanaosema hivi sasa kwamba zamani palikuwa na heshima. Wala umoja ule haukuwa adui wa muziki, kwani mnamo mwaka 1971 ulikuwa na bendi yake wenyewe, Vijana Jazz. Kila zama na kitabu chake, walisema watu, na kila kitabu kina msomaji anayekifunga kwa hasira.

Je, basi, hakuna kilichopotea? Kipo, na ni kikubwa. Bendi ya watu kumi na zaidi, yenye magitaa yanayojibizana na tarumbeta zinazoingia kwa zamu, ni shule ambayo kompyuta haiwezi kuwa badala yake. Lakini tuulize kwa nini ilipotea. Bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama, majeshi na mashirika ya umma: NUTA, JKT, Urafiki, Bima, Tancut. Ala zilinunuliwa na mwajiri, na mpiga gitaa alipokea mshahara. Mashirika yale yalipodhoofika na kuuzwa katika miaka ya 1980 na 1990, ala nazo zilikosa mwenyewe. Redio za watu binafsi zilizofuata sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ziliwakuta vijana wasio na gitaa, ila wenye sauti na vina. Wakafanya bongo fleva. Kumlaumu kijana kwa kukosa tarumbeta ni kumlaumu mtoto wa mkulima kwa shamba aliloliuza babu yake.

Tukumbuke pia kwamba kumbukumbu ni ungo. Bendi zilirikodi Radio Tanzania baada ya mashairi yao kupitiwa na wakaguzi. Hilo lilikuwa pepeto la kwanza. La pili ni la miaka hamsini, ambayo imepeperusha makapi yote na kutuachia mchele. Kisha tunauchukua mchele ule kuulinganisha na mpunga wa leo ambao haujapepetwa. Mwamuzi huyo si mwadilifu.

Lakini dhulma iliyo nzito zaidi ni ile tunayowafanyia wazee wenyewe. Tunazipenda nyimbo, na hatuwauliza wenye nyimbo wanakula nini. Sheria ya hakimiliki iliyozaa COSOTA ilipitishwa mwaka 1999, wakati bendi za Tabora zilikuwa zimekwisha kupigwa redioni kwa zaidi ya miaka thelathini. Shem Karenga alifariki mwaka 2014, na wimbo wake ungali unachezwa. Maelfu ya mikanda ya Radio Tanzania imehifadhiwa Dar es Salaam, na mkanda wa sumaku haungojei hotuba: joto huula, na unyevu huula. Penzi linaloishia kwenye kupunga kitambaa ukumbini halijafika mbali.

Na vijana? Wao wameonyesha njia pengine kutuliko. Mwaka 2017 Diamond Platnumz na wenzake walitoa wimbo walioupa jina la Zilipendwa, wakivitaja vitu vya zamani kwa mzaha wa mtu anayevijua. Offside Trick wa Unguja walimwalika Bi Kidude aimbe nao, naye hakukataa kwa kuwa alikuwa mkubwa, aliimba. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakaimba Leka Dutigite, na mwisho wa njia ya misafara ukasikika tena hadi pwani.

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: kipya kinyemi ingawa kidonda, na usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakukosea. Walijua kwamba mwenye akili hukaa juu ya mbacha wake huku akiutazama msala unaopita, na kwamba mbacha nao ulikuwa mpya siku moja. Mikanda ile ikinakiliwa, warithi wa watunzi wakalipwa haki yao, na mtoto wa Tabora akafundishwa gitaa shuleni pamoja na kompyuta, tutaweza kulisahihisha lile neno letu, tukaondoa li na kuweka na.