Kazi Mbaya na Mchezo Mwema: Historia ya Lesi ya Vijiti

Utangulizi

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Kazi, hata ikiwa duni, humletea mtu riziki. Mchezo, hata ukipendeza namna gani, haujazi chungu. Methali hii nimeisikia tangu utotoni mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, na mwaka juzi niliitumia vibaya. Nilimkuta bibi yangu uani pamoja na majirani zake watatu, kila mmoja na sindano yake ya kulabu, wakifuma vitambaa vya makochi kama wafanyavyo kila alasiri. Asubuhi ile mfanyabiashara mmoja alikuwa amekataa kununua kitambaa cha bibi, akidai kwamba vya kiwandani anavipata kwa robo ya bei. Nami, kwa ujuzi wangu wa mwanafunzi wa chuo, nikasema, "Bibi, acheni basi. Kazi mbaya si mchezo mwema, na huu sasa umekuwa mchezo mtupu." Bibi hakunijibu. Aliendelea kuhesabu matundu yake.

Wiki chache baadaye, jirani aliyekwenda Ubelgiji kumtembelea mwanawe alimletea bibi zawadi: kitambaa cheupe cha duara, kipana kama kiganja, kilichonunuliwa katika mji wa Bruges. Bibi alikigeuza nyuma na mbele, akakiinua kwenye mwanga. "Hiki hakikufumwa kwa kulabu," alisema. "Tazama, mjukuu wangu, nyuzi zimepishana kama ukili. Kimesukwa. Nani wanasuka hivi, na wanapata nini?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu. Nitaeleza jinsi lesi ya vijiti inavyosukwa, jinsi ilivyokuwa kazi ya maskini kwa zaidi ya miaka 300, jinsi mashine ilivyoiondolea thamani sokoni, na kwa nini bado ipo leo. Hoja yangu ni kwamba ufundi huu umeokolewa na jambo lile lile nililolidharau pale uani: watu kukaa pamoja na kusuka hata pasipo malipo.

Jinsi inavyosukwa

Bibi alikuwa ameona sawasawa. Msukaji wa lesi ya vijiti ana mto mgumu, ambao zamani ulishindiliwa mabua makavu. Juu ya mto hubandika karatasi nene yenye mchoro uliotobolewa vitundu vidogo. Kila uzi umezungushiwa kijiti chake, cha mbao au cha mfupa, na vijiti hutumika jozi kwa jozi. Mikono hufanya mambo mawili tu: kupishanisha na kusokota. Uzi wa jozi moja hupishana na uzi wa jozi ya jirani, kisha nyuzi za kila jozi husokotana zenyewe. Kila penye tundu, pini huchomekwa ili msuko usilegee. Msukaji hushughulika na vijiti vinne kwa wakati mmoja, halafu huviweka kando na kuchukua vingine. Kazi pana huweza kuhitaji vijiti mia kadhaa. Pini zikishachomolewa, kinachobaki ni nyuzi na matundu, na yule asiyejua huona matundu tu.

Asili yake

Lesi ya vijiti ilianza kuenea Ulaya katika karne ya 16, hasa Italia na Flanders, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Ubelgiji. Mojawapo ya vitabu vya kwanza vya michoro yake kilichapishwa Zürich, Uswisi, mwaka 1561. Mwandishi wake anajulikana kwa herufi mbili tu, R.M., na alikuwa mwanamke aliyefundisha ufundi huo. Anaeleza kwamba uliletwa mjini humo na wafanyabiashara kutoka Venice mwaka 1536. Nimevutiwa na herufi hizo mbili. Katika ufundi ulioshikwa na wanawake wengi hivyo, mwalimu mmoja alipata nafasi ya kuandika, lakini jina lake halikutufikia.

Walioivaa, kwa upande mwingine, tunawajua vizuri. Katika karne ya 17, wafalme, makadinali na mabwana wakubwa walichorwa picha wakiwa na kola na vikofi vya lesi. Wanaume waliitaka kama wanawake. Uzi bora ulikuwa wa kitani, mwembamba mno, na lesi ya Flanders ilisifiwa kote Ulaya. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1662 ya kuzuia lesi ya kigeni isiingizwe, ili kuwalinda wasukaji wake. Kitu kisicho na thamani hakitungiwi sheria.

Mshumaa mmoja

Thamani hiyo haikufika mikononi mwa aliyesuka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika vijiji vya Buckinghamshire, Bedfordshire na Northamptonshire, mfanyabiashara alileta uzi na michoro, kisha akarudi kuchukua lesi. Mara nyingi alilipa kwa bidhaa za duka lake badala ya fedha, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Watoto walipelekwa kwenye shule za lesi wakiwa na miaka 5 au 6. Ziliitwa shule, lakini kwa kweli zilikuwa vyumba vya kazi katika nyumba ya mwanamke fulani, na kusoma kulikuwa kidogo sana. Mwaka 1867 ndipo sheria ilipokataza mtoto wa chini ya miaka 8 kuajiriwa katika karakana za namna hiyo.

Hata hivyo, humo humo katika taabu ndipo nilipoona mwanzo wa jibu langu. Usiku wa baridi, wasukaji walikusanyika katika nyumba moja ili kugawana mwanga. Mshumaa mmoja uliwekwa katikati, na kuuzunguka zikapangwa chupa za duara zilizojaa maji. Kila chupa ilikusanya mwanga na kuuelekeza kwenye mto mmoja. Hivyo mshumaa ambao peke yake ungemtosha mtu mmoja uliwatosha wengi. Waliimba pia. Nyimbo zao zilihesabu pini, ili mikono iende kwa kasi moja na watoto wasisinzie. Kila mwaka walikuwa na sikukuu zao mwezi Novemba, siku ya Mtakatifu Katarina na ya Mtakatifu Andrea, ambapo vijiti viliwekwa chini, watu wakala keki na kucheza. Vijiti vyenyewe vilipambwa kwa shanga na kuchorwa majina ya wapendwa. Mtu hapambi kifaa anachokichukia kabisa.

Mashine

Mwaka 1808 Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine iliyoweza kusuka kimia, yaani ule wavu mwepesi ambao lesi hujengwa juu yake. Mwaka 1816, usiku mmoja wa Juni, wafanyakazi wenye hasira waliingia katika kiwanda chake mjini Loughborough na kuvunja mashine 55. Heathcoat alihamia Tiverton, Devon, akaanza upya. Katika miaka hiyo John Leavers wa Nottingham naye alitengeneza mashine ambayo, baada ya kuboreshwa, iliiga hata maua ya lesi ya mkono. Bei ikaporomoka.

Malkia Victoria alijaribu kuwasaidia wasukaji wa Devon. Gauni lake la harusi la mwaka 1840 lilipambwa kwa lesi ya Honiton iliyosukwa kwa mkono. Lakini harusi moja, hata ya malkia, hailishi kaunti nzima. Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, kazi hii ilikuwa karibu kuisha Uingereza. Flanders nako, baada ya biashara ya kitani kuanguka na viazi kuoza shambani mwaka 1845, shule za lesi za watawa ziliongezeka kwa sababu palikuwa na wasichana wengi wenye njaa waliokubali malipo yoyote.

Vita, na upande wetu

Mwezi Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji. Chakula na uzi havikuingia tena. Tume ya misaada iliyoongozwa na Mmarekani Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi yake, ilijadiliana na pande zinazopigana hadi uzi ukaruhusiwa kuingia na lesi kutoka. Wanawake wakasuka nembo za nchi washirika na za majimbo ya Ubelgiji, na lesi hiyo ikauzwa Uingereza, Ufaransa na Marekani. Wanunuzi walijua kwamba wananunua mkate wa mtu.

Kwetu sisi wa Burundi miaka hiyo ina ukurasa wa pili. Mwaka 1916, Ubelgiji hiyo hiyo iliyokaliwa na adui ilituma jeshi lake la Kongo dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki. Liliingia Kigali, likaingia Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na mwezi Septemba likaichukua Tabora. Mizigo ya vita ilibebwa vichwani na mabegani mwa maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, na wengi hawakurudi makwao. Baada ya vita, Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji. Siwalaumu wasukaji wa Flanders. Nao walikuwa na njaa. Naandika tu kwamba msukaji alikuwa na kitu cha kuuza ambacho dunia ilikijua na kukihurumia, lakini mpagazi hakuwa nacho. Na ni historia hiyo iliyofungua njia ambayo mtoto wa jirani yetu aliifuata hadi Ubelgiji, na ambayo kitambaa cha Bruges kiliifuata hadi uani kwa bibi.

Kazi inapogeuka kuwa mchezo

Baada ya vita mbili kuu, hakukuwa tena na sababu ya kiuchumi ya kusuka lesi kwa mkono. Kwa hesabu niliyomfanyia bibi, ufundi huo ulipaswa kufa. Haukufa. Kuanzia miaka ya 1970, watu wa kawaida, walimu, wauguzi, wastaafu, walianza kuwatafuta wazee waliokuwa bado wanajua. Uingereza ilipata chama cha wasukaji lesi mwaka 1976. Mwaka 1982 kilianzishwa chama cha kimataifa, OIDFA, ambacho huwakutanisha wasukaji wa nchi mbalimbali kila baada ya miaka miwili. Mjini Bruges, kituo cha lesi kimo katika jengo lililokuwa shule ya watawa. Pale ambapo wasichana maskini walisukuma vijiti kwa lazima, leo watu hulipa ili wafundishwe.

Mfano unaonigusa zaidi ni Idrija, mji wa Slovenia uliojengwa juu ya mgodi wa zebaki. Wake na binti za wachimbaji walisuka lesi ili kuongezea mshahara mdogo wa mgodini. Shule yao ya lesi ilifunguliwa mwaka 1876. Mgodi umefungwa, lakini shule bado inafundisha watoto. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka usukaji wa lesi ya vijiti wa Slovenia katika orodha ya urithi wa binadamu. Zebaki ndiyo iliyokuwa kazi yenye mshahara, na lesi ilikuwa nyongeza ya jikoni. Iliyobaki mikononi mwa watu ni ile nyongeza.

Hitimisho

Sisemi kwamba methali imekosea. Anayesuka leo kwa starehe kwa kawaida ana pensheni au mshahara unaomlisha, na bibi yangu hana. Kumsifu kwa ufundi wake huku akikosa wa kumlipa kungekuwa dhihaka. Ninalosema ni kwamba nilipima kikao chake kwa kipimo kimoja tu, bei ya sokoni, na historia imenionyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi.

Likizo iliyopita tulijaribu. Seremala alitupa unga wa mbao, tukashindilia mto. Tulichukua vijiti vinane vya mishikaki, tukavizungushia uzi wa kufumia. Tangu alasiri hadi adhana ya magharibi tulipata utepe wenye urefu wa kidole. Uzi ulinaswa mara tatu, na mara mbili nilikuwa mimi. Jirani mmoja, bila kuambiwa lolote kuhusu Wazungu na nyimbo zao, alianza kuimba ili tusipotee hesabu: pishanisha, sokota, pishanisha. Nilimwomba bibi radhi siku hiyo. Alicheka, akasema alikuwa ameshasahau, ingawa sidhani.

Nawasihi wanafunzi wenzangu na walimu wetu tusisubiri UNESCO. Mwalimu wa Zürich aliandika alichokijua, na tunakisoma hadi leo. Bibi anajua michoro mingi ya vitambaa, kila mmoja una jina lake, na hakuna hata mmoja ulioandikwa popote. Nimenunua daftari. Hadi sasa nimeandika tisa.