Umeona, Daktari?

Mwaka 1850, huko Königsberg, mji uliokuwa wa Prussia, Profesa Hermann von Helmholtz alikuwa akiandaa somo. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwa nini jicho hung'aa linapomulikwa. Katika maandalizi hayo akabuni ofthalmoskopu, kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, na mwaka 1851 akachapisha habari zake. Kwa mara ya kwanza daktari akaweza kuchungulia vizuri retina ya mtu aliye hai.

Kifaa kilizaliwa kwa ajili ya darasa, lakini darasani ndiko kilikoleta tabu. Tundu ni moja na mchunguliaji ni mmoja. Mwalimu akishamaliza humpisha mwanafunzi, kisha humuuliza, "Umeona?" Mwanafunzi, kwa adabu au kwa aibu, hujibu, "Nimeona, daktari." Kama aliona mshipa wa damu au kope zake mwenyewe, nani atajua? Vizazi vya madaktari wa macho vimefundishwa kwa kuaminiana namna hiyo.

Kamera ya retina, ambayo kampuni ya Carl Zeiss ilianza kuiuza mwaka 1926, iliweka picha mezani, mwalimu na mwanafunzi wakaitazama pamoja. Ila ilikuwa nzito na ya bei kubwa, ikabaki katika hospitali kubwa. Miaka mingi baadaye, huko Nakuru, Kenya, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu kuweka kazi hiyo kwenye simu ya mkononi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa picha za kichwa cha neva ya jicho zilizopigwa kwa simu zilisomeka kwa kiwango kinachokaribiana na zile za kamera ya mezani.

Mwaka huohuo watafiti wa Google walieleza jinsi walivyoifunza akili mnemba kutambua madhara ya kisukari kwenye retina. Waliipa picha 128,175, na kila picha ilipimwa mara 3 hadi 7 na madaktari kutoka jopo la madaktari 54 wa Marekani. Kwa hiyo mashine nayo ilikuwa mwanafunzi, tena pengine mwenye walimu wengi kuliko yeyote aliyepita vyuo vya Makerere au Muhimbili. Aprili 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha IDx-DR, mfumo unaotoa jibu bila daktari bingwa kuisoma picha.

Sifa zikatangulia, kazi ikafuata. Mfumo wa Google ulipopelekwa kwenye zahanati 11 nchini Thailand, ripoti ya mwaka 2020 ilisema kuwa katika picha 1,838, asilimia 21 zilikataliwa kwa kukosa ubora. Vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha. Wauguzi waliona picha ambazo wao wenyewe wangeweza kuzisoma zikirudishwa. Kasoro haikuwa katika mafunzo ya mashine tu; ilikuwa pia katika mazingira ya yule anayeishika kamera.

Hapo ndipo vyuo vyetu vinapopaswa kuanzia. Mwanafunzi afundishwe kwanza kupiga picha safi, aandike jibu lake, ndipo afungue la mashine, na mwalimu ayaone yote mawili. Akitanguliziwa jibu, ataitikia tu kama alivyoitikia kwenye lile tundu. Wakuu wa idara za macho, pangeni mitihani yenu kwa utaratibu huo.