Nani Aliyeifikisha Motokari? Mashindano ya Masafa Marefu Afrika, 1924 Hadi Leo

Tarehe 28 Oktoba 1924, motokari 8 za Citroën ziliondoka Colomb-Béchar, kusini mwa Aljeria. Nyuma hazikuwa na matairi bali mikanda ya mpira iliyobuniwa na Adolphe Kégresse, mtu aliyewahi kutunza magari ya mfalme wa Urusi. Kiongozi wa msafara alikuwa Georges-Marie Haardt, na msaidizi wake Louis Audouin-Dubreuil. Walivuka Sahara, wakaingia Kongo ya Wabelgiji kwa upande wa kaskazini, na walipofika Kampala wakagawanyika makundi manne: moja likashika njia ya Mombasa, jingine Dar es Salaam, la Haardt mwenyewe Msumbiji, na la nne, chini ya Charles Brull, likateremka kusini mpaka Cape Town. Waliotoka Msumbiji walivuka bahari na kumalizia Antananarivo, Juni 1925.

Hayo hayakuwa mashindano. Hakuna aliyeshika saa, wala hapakuwa na zawadi. Hata hivyo mashindano mengi ya masafa marefu yaliyofuata yalirithi mpangilio ule: mafundi ndani ya msafara, mafuta na vipuri vilivyotangulizwa mbele, na kazi iliyogawanywa ili mmoja akichoka mwenzake ashike. Mchoraji Alexandre Iacovleff alirudi na picha za watu wa njiani, Léon Poirier akatengeneza filamu. Katika misitu ya kaskazini mwa Kongo, njia yenyewe ilikatwa na wanakijiji kwa amri ya serikali ya kikoloni kabla motokari hazijafika. Wao hawakuhesabiwa kuwa sehemu ya msafara.

Sisi watu wa Lubumbashi tuna namna yetu ya kusoma habari kama hizi. Mwaka 1965, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huu kama walivyoijua waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Kitabu hicho kidogo kinamtazama bwana kutoka jikoni. Naamini historia ya motokari inastahili kutazamwa vivyo hivyo, kutoka chini ya gari na kutoka kando ya barabara.

Hapa Katanga reli ilitangulia. Ilifika kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Barabara zilifuata, na zilitunzwa kwa jembe na kikapu. Kazi za lazima vijijini zilifikishwa siku 120 kwa mwaka wakati wa vita, mwaka 1942. Kwa hiyo katika miaka ya 1950, Wazungu walipoanza kushindana kutoka Mediterania hadi Cape Town wakikatiza Kongo, walipita juu ya jasho la kantonye, mfanyakazi wa kutunza barabara. Mwaka 1959 Karl Kling na Rainer Günzler walishinda mashindano hayo kwa Mercedes 190 D, gari la dizeli lisilo na mbio. Uchaguzi huo unaonyesha akili: katika masafa kama yale, gari linaloendeka kila siku hulishinda lile linaloruka siku moja.

Afrika Mashariki ndiko ushirikiano wa dereva, mwenzake na mafundi ulikopata umbo lake kamili. Mashindano ya Coronation Safari yalianza Mei 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalipangwa kwa madaraja ya bei, na hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla. Waliokatwa alama chache kuliko wote walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen ya kawaida. Kila dakika ya kuchelewa kituoni ilikuwa adhabu. Dereva alitazama njia, mwenzake akasoma ramani, akapiga hesabu ya muda na kuhakikisha kadi imegongwa muhuri. Hesabu ikikosewa, ustadi wa usukani hauokoi kitu.

Mwaka 1963, katika mashindano hayohayo na katika matope mengi, magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 matope yalirudi, na tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Mtu anaweza kubahatisha mara moja katika matope ya namna ile, lakini mara mbili, na mwenzi yuleyule, hiyo ni kazi ya watu wanaojuana. Katikati ya miaka hiyo, 1965, Joginder Singh alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na sioni ajabu.

Tangu 2003 magari hayo ya zamani yana mashindano yao, East African Safari Classic. Gari ni la magurudumu mawili yanayosukuma, injini haina turbo, na safari huchukua siku nyingi za vumbi na mawe. Mwaka 2011 alishinda Björn Waldegård, bingwa wa dunia wa 1979, wakati huo mzee wa zaidi ya miaka 65, katika Porsche 911. Aliyemsomea njia alikuwa mwanawe Mathias. Na kila jioni magari yalipoegeshwa, kazi ya mafundi ndipo ilipoanza: kubadili springi, kuchomelea bodi, kusafisha kabureta, gari liwe tayari alfajiri.

Kuhusu watu wa aina hii, Katanga ina hazina ambayo bado haijachimbwa. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliozaliwa katika chuo kikuu chetu, umekusanya kumbukumbu za wafanyakazi na familia za mji. Mashofere na mafundi wa motokari wanastahili kikao chao. Walioingia gereji wakiwa vijana katika miaka ya 1950 sasa wamepita miaka 80. Waulizwe mapema: ni nani aliyekuwa akilala chini ya motokari, kwa vyombo gani, nani alimfundisha, na alilipwa kiasi gani.