Doula: Mwandani wa mama tangu mimba hadi arobaini

MWANAMKE anapokwenda hospitalini kujifungua, aghalabu huandamana na mumewe, mamake au jirani. Hata hivyo, katika hospitali nyingi za umma safari ya msindikizaji hukomea kwenye mlango wa leba. Humo ndani mama hubaki na wauguzi wachache walio na wazazi wengine wa kuhudumia, na saa anazohitaji zaidi mtu wa kumshika mkono huzipitisha peke yake.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na doula. Huduma hii imeanza kufahamika nchini, hasa jijini Nairobi na katika miji mingine mikubwa, ingawa wengi bado hawajui doula hufanya nini wala anatofautiana vipi na mkunga.

Doula ni nani?

Doula ni mtu, kwa kawaida mwanamke, aliyepata mafunzo ya kumtegemeza mama kimwili na kimawazo kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua na katika majuma ya kwanza baada ya hapo. Neno hili lina asili ya Kigiriki na maana yake ya kale ni mtumishi wa kike. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu unyonyeshaji, na tangu hapo likaenea.

Doula si mkunga wala muuguzi. Mkunga huchunguza mlango wa kizazi, husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, hupima shinikizo la damu, humpokea mtoto, huhakikisha kondo la nyuma limetoka na hudhibiti uvujaji wa damu. Doula hafanyi lolote kati ya hayo. Haandiki dawa, hapimi njia na hazalishi. Kazi yake ni moja tu: kuwa na mama, bila kumwacha.

Kazi ya kale, jina jipya

Jina ni geni lakini kazi si ngeni. Katika pwani ya Kenya, binti mwenye mimba ya kwanza alirejea kwa mamake siku zake zilipokaribia ili azalie huko. Baada ya kujifungua alikaa ndani siku 40, akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wenye pilipili manga, huku wanawake wenzake wakifanya kazi zote za nyumba. Katika jamii nyingi za bara pia, nyanya, shangazi na mama wakwe walimzunguka mzazi hadi alipopata nguvu.

Kasoro ya mpangilio huo ni kwamba wanawake hao, pamoja na wakunga wa jadi, hawakuwa na tiba ya damu inayovuja bila kikomo, kifafa cha mimba au mtoto aliyekwama. Wengi walifariki. Ndiyo maana serikali ikahimiza akina mama kujifungulia hospitalini, na mnamo Juni 2013 ikaondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma.

Juhudi hizo zimezaa matunda. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulibainisha kuwa takriban watoto 6 kati ya 10 walizaliwa kwa msaada wa mhudumu mwenye ujuzi. Kufikia uchunguzi wa mwaka 2022, idadi hiyo ilikuwa imekaribia 9 kati ya 10. Lakini mama alipohamia hospitalini, wale waliomzunguka nyumbani waliachwa nje.

Miezi ya ujauzito

Doula huanza kukutana na familia miezi kadhaa kabla ya siku ya kujifungua, kwa kawaida katika theluthi ya mwisho ya mimba. Katika vikao hivyo husikiliza hofu za mama, humweleza hatua za uchungu na kumfundisha namna ya kupumua na kubadilisha mkao. Aliyewahi kupoteza mtoto au kufanyiwa upasuaji huhitaji muda zaidi wa kuzungumza.

Pia huisaidia familia kupanga mambo ambayo husahaulika hadi usiku wa manane: Ni hospitali gani itakayotumiwa? Gari litatoka wapi? Ni nani atakayebaki na watoto? Ni nani anayeweza kutoa damu ikihitajika? Je, mama amesajiliwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kijitabu chake cha kliniki kiko tayari?

Doula hachukui nafasi ya kliniki. Mama anapaswa kuendelea kuhudhuria kliniki kama alivyoelekezwa. Aidha, anapaswa kukimbizwa hospitalini bila kusubiri ushauri wa doula akiona mojawapo ya dalili hizi: kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa, kuona maruerue, kuvimba uso na mikono, homa kali, degedege, chupa ya maji kupasuka kabla ya wakati au mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Ndani ya leba

Uchungu unapoanza, doula huja nyumbani au hukutana na mama hospitalini, na hukaa naye hadi mtoto azaliwe, hata ikiwa ni saa 20. Zamu ya wauguzi hubadilika lakini yeye habadiliki.

Msaada wake ni wa vitendo. Humkanda mama kiunoni, humbonyeza mgongo kwa viganja wakati uchungu unapopanda, humpangusa jasho, humpa maji na kumkumbusha kwenda haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa huweza kumzuia mtoto kushuka. Humhimiza kutembea, kuchuchumaa au kuegemea mbele badala ya kulala chali, mradi mkunga ameruhusu. Mikao ya wima humsaidia mtoto kuteremka.

Sehemu ya pili ni maneno. Mama aliyeshikwa na uchungu huenda asielewe anayoambiwa kwa haraka na daktari. Doula humweleza kwa utaratibu, humkumbusha maswali aliyotaka kuuliza na kumpa nafasi ya kuamua. Hamwamulii, wala hagombani na wahudumu.

Kuna sababu ya kisayansi inayofanya utulivu kuwa muhimu. Mikazo ya tumbo la uzazi huendeshwa na homoni iitwayo oksitosini. Mama anapojawa na hofu, mwili hutoa adrenalini kwa wingi, nayo huweza kudhoofisha mikazo hiyo na kurefusha uchungu. Mtu anayempunguzia hofu husaidia mwili kufanya kazi yake.

Mume naye hanyang'anywi nafasi yake. Wanaume wengi hutaka kusaidia lakini hawajui waanzie wapi. Doula humwonyesha mahali pa kukanda na maneno ya kusema, na humpa fursa ya kupumzika kidogo.

Utafiti wasemaje?

Manufaa haya yalianza kupimwa na madaktari wa Marekani, Marshall Klaus na John Kennell, wakishirikiana na wenzao nchini Guatemala. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1980, wanawake waliopewa mwandani na kujifungua bila matatizo walichukua wastani wa takriban saa 9 tangu kulazwa, ilhali walioachwa peke yao walichukua takriban saa 19. Jambo la kushangaza ni kwamba waandani hao walikuwa wanawake wa kawaida wasio na mafunzo ya utabibu, na mama hakuwajua kabla ya siku hiyo.

Utafiti mwingine wa Kennell, uliofanyiwa wanawake 616 mjini Houston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991, ulionyesha kuwa asilimia 8 ya waliokuwa na doula walifanyiwa upasuaji, dhidi ya asilimia 18 ya wasiokuwa na mtu.

Mnamo 2017, wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti 26 kutoka nchi 17, zilizohusisha zaidi ya wanawake 15,000. Walibaini kuwa mama anayepata mwandani wa kudumu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida, huhitaji dawa za maumivu kwa uchache, uchungu wake hupungua muda, na huwa nadra kwake kulalamikia jinsi alivyojifungua. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kila mwanamke aruhusiwe kuwa na mwandani aliyemchagua mwenyewe, tangu uchungu unapoanza hadi mtoto azaliwe.

Takwimu hizi zisifasiriwe vibaya. Doula hawezi kuzuia damu kuvuja wala kumwokoa mtoto aliyekosa hewa. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, wanawake 355 walifariki nchini kutokana na uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Vifo hivyo huzuiwa na wahudumu wenye ujuzi, dawa, damu na vyumba vya upasuaji.

Suala la heshima

Hata hivyo, mama anaweza kutoka hospitalini akiwa hai lakini amevunjwa moyo kiasi cha kuapa kutorudi. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya afya nchini na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mwanamke 1 kati ya 5 alikumbana na namna fulani ya kudharauliwa au kudhulumiwa wakati wa kujifungua. Mnamo Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013 alipwe Sh2.5 milioni kwa kukiukiwa haki zake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi.

Mtu wa pili chumbani ni msaidizi na pia ni shahidi. Mama asiyekuwa peke yake ni vigumu kusahauliwa.

Utafiti katika Kaunti ya Migori, uliochapishwa mwaka 2018, ulibainisha kuwa asilimia 88 ya wanawake walisindikizwa hadi kituoni, na asilimia 67 waliruhusiwa kuwa na mtu wakati wote wa uchungu. Lakini wakati wa kujifungua kwenyewe, ni asilimia 29 pekee walioruhusiwa. Hata hivyo, si wote waliotaka mtu wakati huo: asilimia 63 walisema hawakuhitaji. Baadhi yao huona haya au huchelea siri zao zisije zikatangazwa kijijini. Hapo ndipo doula, anayefungwa na ahadi ya kutunza siri, huweza kufaa kuliko jamaa.

Baada ya mtoto kuzaliwa

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Doula humtembelea mzazi nyumbani, humwonyesha namna ya kumshika mtoto ili anyonye vyema, na humhimiza ampe dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano yenye kinga. Huhakikisha kuwa mama anakula na kulala.

Huangalia pia hali ya moyo wake. Machozi ya siku chache ni ya kawaida, lakini huzuni inayoendelea kwa zaidi ya majuma mawili, kukosa hamu na mtoto au mawazo ya kujidhuru ni dalili za maradhi yanayohitaji daktari, si masimango.

Jinsi ya kumchagua

Familia inayotafuta doula yafaa imuulize alipata wapi mafunzo, amewasaidia akina mama wangapi, ni nani atakayekuja iwapo yeye ataugua, na malipo yake yanahusisha nini. Waafikiane kwa maandishi, na waulize hospitali mapema iwapo itamruhusu. Anayemkataza mama kwenda hospitalini au anayeahidi kumzalisha nyumbani si doula, na aepukwe.

Kwa kuwa malipo ya doula hutoka mfukoni mwa familia, wengi hawawezi kuyamudu. Lakini mafunzo ya Guatemala ni kwamba hata mwanamke wa kawaida aliye mtulivu hufaa. Dada, shangazi au mama mkwe anaweza kwenda kliniki pamoja na mjamzito, ajifunze na kumkalia siku ikifika. Katika baadhi ya kaunti, wakunga wa jadi tayari wamehimizwa kuacha kuzalisha na badala yake wawasindikize akina mama hospitalini.

Kwa upande wao, hospitali hulalamikia msongamano na ukosefu wa faragha. Malalamiko hayo yana msingi, lakini dawa yake haihitaji mabilioni: pazia kati ya kitanda na kitanda, kiti kimoja kando ya mama, na masharti yanayoeleweka kwa kila anayeingia.